Karatasi za Jemadari: Uhakiki wa Kumbukumbu za Paul von Lettow-Vorbeck na Nafasi ya Kiswahili Ndani Yake

Kwa muda mrefu wahakiki wa fasihi katika vyuo vya Afrika Mashariki wameziachia idara za historia karatasi za wanajeshi wa kikoloni. Barua za jemadari, madaftari yake ya vitani, na kumbukumbu alizozitunga baada ya vita, huhesabiwa kuwa ni mali ya mwanahistoria, naye mhakiki wa lugha hubaki na tenzi, riwaya na tamthilia. Mgawanyo huu wa kazi una faida yake, lakini una hasara moja kubwa: humfanya msomaji azitazame karatasi hizo kama ghala la habari tu, asizitazame kama utungaji. Ilhali jemadari aketiye kuandika habari za maisha yake hana tofauti na mtunzi mwingine yeyote. Huchagua pa kuanzia na pa kukomea. Huchagua nani atanena na nani atanyamazishwa. Humjua msomaji wake kabla hajachovya kalamu. Wahenga walikwisha kulieleza jambo hili kwa maneno machache: mwamba ngoma huvutia kwake.

Makala haya yanamhusu jemadari ambaye maandishi yake yamejaa Kiswahili, ambaye jeshi lake liliamrishwa kwa Kiswahili, na ambaye kwa sababu hiyo hawezi kuachiwa mwanahistoria peke yake. Paul von Lettow-Vorbeck alizaliwa mwaka 1870 katika ukoo wa makabaila wa Pomerania, baba yake naye akiwa mwanajeshi. Alitumwa China wakati wa vita vya mwaka 1900, kisha Afrika ya Kusini-Magharibi, yaani Namibia ya leo, ambako alikuwa ofisa katika makao ya Lothar von Trotha, yule yule aliyetoa amri ya kuwaangamiza Waherero. Mwanzoni mwa mwaka 1914 alifika Dar es Salaam kulishika jeshi la kikoloni la Wajerumani. Tangu vita vya Tanga vya Novemba 1914 hata alipoziweka silaha chini huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, alipigana na Waingereza, Wahindi, Wabelgiji na Wareno bila kutiwa mikononi. Siku hiyo ya mwisho alikuwa na Wazungu 155 na askari 1,168, pamoja na wachukuzi, wanawake na watoto. Alirudi kwao akiwa shujaa, kwa kuwa alikuwa karibu kamanda pekee ambaye taifa lililoshindwa liliweza kumwonyesha watu na kusema: huyu hakushindwa. Alifariki Hamburg mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka tisini na mitatu.

Karatasi zake za binafsi zimewekwa katika hifadhi ya kijeshi ya taifa la Ujerumani mjini Freiburg, na wanahistoria wamezipekua. Wasifu wa Eckard Michels uliochapishwa mwaka 2008 ni ushahidi wa kazi hiyo. Lakini zilizosomwa na watu wengi, na zilizojenga sifa yake, ni zile alizozichapisha mwenyewe. Mwaka 1920 alitoa vitabu viwili: Meine Erinnerungen aus Ostafrika, ambacho mwaka huo huo kilitafsiriwa kwa Kiingereza, na Heia Safari!, kilichoandikwa kwa ajili ya vijana wa Ujerumani. Mwaka 1955 alitoa kitabu juu ya safari aliyoifanya kuirudia Afrika mwaka 1953, na mwaka 1957 akatoa habari za maisha yake yote. Mtu mmoja, vita vimoja, na masimulizi yaliyorudiwa kwa muda wa miaka thelathini na saba.

Dibaji ya kitabu cha kwanza ina jambo ambalo wasomaji wengi hulipita upesi. Mwandishi anakiri kwamba sehemu kubwa ya hati zake imepotea, na kwamba kwa hiyo masimulizi yake hayawezi kuwa kamili. Ungamo hilo ni la haki, na linampa heshima. Hata hivyo, kurasa zinazofuata hazimkumbushi msomaji jambo hilo. Siku, mito, vilima na idadi ya bunduki vinafuatana kwa uthabiti mkubwa hata msomaji husahau kwamba anayesimulia hana karatasi zake mbele yake. Hapa ndipo mtu aliyelelewa na tenzi anapoona tofauti. Kaida ya tenzi nyingi za Kiswahili ni mtunzi kuanza kwa kuagiza wino, kalamu na karatasi, na kumaliza kwa kujitaja jina, na mara nyingine ukoo na makazi yake. Kaida hiyo huchukuliwa na wengi kuwa pambo tu la dibaji. Si pambo. Humkumbusha msikilizaji kwamba hadithi hii ina mkono ulioiandika, na mkono huo ni wa mtu fulani wa mahali fulani. Kumbukumbu za jemadari zinaufunua mkono katika dibaji, kisha zinauficha katika kila ukurasa unaofuata. Tena katika Heia Safari! mkono wenyewe hauko peke yake: kitabu kinaeleza waziwazi kwamba kiliandikwa kwa msaada wa Kapteni Walter von Ruckteschell, ofisa wa jeshi lile lile, ambaye kabla ya vita alikuwa mchoraji. Karatasi ziitwazo za binafsi zilikuwa tangu mwanzo kazi ya pamoja, yenye msomaji aliyekusudiwa na haja iliyokusudiwa.

Jina la kitabu hicho cha vijana linastahili kuchunguzwa. Neno la kwanza ni kelele ya kuhimizana. La pili ni Kiswahili kitupu. Katika Kiswahili safari ni mwendo wenye mahali pa kwenda na, Mungu akijalia, mwendo wa kurudi. Ni neno la mfanyabiashara, la Haji, la mgeni anayeagwa mlangoni. Kulitwaa neno hilo na kulipachika juu ya vita vya miaka minne ni kuvigeuza vita hivyo kuwa mwendo. Kijana wa Berlin aliyekifungua kitabu mwaka 1920 aliahidiwa pori, wanyama, mito na ujasiri. Neno la kigeni lilimpa ladha ya mbali, na kwa kuwa hakulijua, halikumwuliza swali lolote. Aliyelijua angeuliza mara moja: safari ya nani, na mizigo ilibebwa na nani?

Uadilifu unataka isemwe kwamba jemadari huyu si mwandishi hafifu. Wako maofisa wa kikoloni walioandika kwa majivuno na machozi hata msomaji akachoka kabla ya sura ya tatu. Von Lettow-Vorbeck ni mkavu. Sentensi zake ni za mtu aliyezoea kuandika ripoti, na ukavu huo ndio unaomfanya aaminike. Usiku wa kuamkia vita vikubwa vya Tanga anajisimulia akiuzungukia mji kwa baiskeli ili aone adui yuko wapi. Hapigi kelele juu ya ushujaa wake, na taswira ya kamanda juu ya baiskeli katika mitaa mitupu inabaki katika akili ya msomaji kuliko hotuba kumi. Anaeleza jinsi mkate ulivyookwa kwa mtama ngano ilipokwisha, jinsi viatu vilivyoshonwa kwa ngozi za wanyama wa porini, jinsi dawa ya kwinini ilivyochemshwa kutokana na magome, nayo ikawa chungu hata ikapewa jina lake yeye mwenyewe. Katika kurasa hizi za ufundi na njaa kitabu kina uhai wa kweli.

Kuna mahali pamoja ambapo uhai huo unafika kilele. Jicho lake moja lilikuwa limeumizwa tangu vita vya Kusini-Magharibi. Sasa, katikati ya kampeni, jani la nyasi linamchoma jicho la pili, na kwa muda kamanda hawezi hata kuisoma ramani. Mtunzi wa riwaya asingeweza kubuni ishara iliyo wazi kuliko hiyo: jeshi zima linaongozwa na mtu asiyeona, na kwa siku hizo linategemea macho ya wengine. Lakini jemadari haigeuzi kuwa ishara. Anaitaja kama ajali, anasonga mbele. Wengine hao ambao macho yao yaliliona pori hawakuandikwa.

Suala la nani ameandikwa ndilo kiini. Majina ya maofisa wa Kijerumani yamepangwa katika kitabu kama mawe ya barabara. Majina ya askari ni machache mno yakilinganishwa na hayo, na majina ya wachukuzi ni machache zaidi. Askari hutajwa kwa kampuni, kwa hesabu, au kwa kabila. Pale anapopewa nafasi ya kunena, aghalabu hunena kiapo: kwamba atamfuata kamanda wake mpaka mwisho. Hatukani, hataniani na mwenzake, haulizi mshahara wake uko wapi, ijapokuwa mwandishi mwenyewe anaeleza kwamba malipo yalikuwa yamechelewa sana. Wake wa askari, walioandamana na jeshi kwa maelfu ya maili wakiwa na watoto migongoni, wanaingia kwa rangi za nguo zao. Baada ya kuteka shehena ya adui, asema mwandishi, msafara wote uliorefuka kwa maili kadhaa ulionekana kama maandamano ya sikukuu. Ni sentensi nzuri. Na ni sentensi ya mtu anayeutazama msafara kutoka mbali, ambako rangi huonekana na nyuso hazionekani.

Lakini hata kitabu kilichoshonwa vizuri huwa na mahali ambapo uzi umelegea. Mwandishi anakubali kwamba wachukuzi na askari wengine walitoroka, hasa jeshi lilipopita karibu na kwao, na anaeleza kwamba mapenzi ya nyumbani yaliwashinda. Kwa kulieleza hivyo anataka kuwasamehe, na bila kukusudia anasema kweli kubwa kuliko hadithi yake. Kama mtu hutoroka anapofika karibu na kwao, basi muda wote alipokuwa mbali na kwao hakubaki kwa mapenzi tu. Alibaki pia kwa kuwa hakuwa na njia ya kwenda. Michelle Moyd, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2014, ameonyesha kwamba askari hawa walikuwa na hesabu zao wenyewe: nyumba, mifugo, wake, wafuasi, na heshima ya kuitwa bwana. Uaminifu wao ulikuwa mapatano yenye bei. Kumbukumbu za jemadari zinauhifadhi uaminifu na kuifuta bei.

Je, Kiswahili chenyewe kimo kwa namna gani katika maandishi haya? Maneno kama askari, safari, boma na mtama yanapita ndani ya Kijerumani chake kama fedha halali. Hilo si jambo la ajabu, maana ndiyo lugha iliyotumika kambini, na mwandishi mwenyewe aliijua. Istilahi za jeshi lenyewe zina historia ya kupendeza ambayo mwanafunzi wa isimu angefaidika nayo. Vyeo vya askari havikuitwa kwa Kijerumani. Ombasha, shaushi na efendi ni maneno yaliyoingia kwa njia ya Misri, kwa sababu askari wengi wa kwanza wa Hermann von Wissmann mwaka 1889 waliandikishwa Cairo miongoni mwa Wasudani waliokwisha kutumikia jeshi la Misri, nalo jeshi hilo lilikuwa limeirithi istilahi hiyo kutoka kwa Waturuki. Kwa hiyo koplo wa Kinyamwezi katika jeshi la Mfalme wa Ujerumani aliitwa kwa cheo cha Kituruki, akaamrishwa kwa mchanganyiko wa Kiswahili na Kijerumani, akalipwa kwa rupia na hela. Neno hela, kama neno shule, limebaki nasi hadi leo. Ni urithi mdogo wa maneno kwa utawala wa miaka thelathini, na labda hiyo ndiyo sababu Wajerumani waliondoka na maneno mengi ya Kiswahili kuliko waliyoyaacha ya kwao.

Lakini neno moja moja si usemi. Mtu anaweza kuyakusanya maneno mia ya lugha fulani bila kumruhusu mwenye lugha atamke sentensi moja kamili. Hivyo ndivyo Kiswahili kilivyotumika katika kumbukumbu hizi: kimeingia kama vyombo vya safari, pamoja na hema na sufuria. Msomaji wa Ulaya hupata hisia kwamba amesikia sauti ya Afrika, kumbe amesikia nomino tu.

Na zaidi ya nomino kuna yale ambayo hayakupata hata neno. Jeshi lisilokuwa na njia ya kuletewa chakula hula mashamba linamopita. Ludwig Deppe, daktari aliyekuwa katika msafara huo huo, aliandika mwaka 1919 kwa uchungu kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala yaliyokombwa na njaa iliyokuwa inakuja. Huyu si adui anayemsingizia. Ni mtu wa kambi ile ile, na kitabu chake kilitoka kabla ya vile vya kamanda wake. Ugogo, ambako majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume, kisha mvua ikakosekana, njaa ya miaka hiyo ilipewa jina: Mtunya. John Iliffe katika historia yake ya Tanganyika ya mwaka 1979 anakadiria kwamba Wagogo wapatao 30,000 walikufa kati ya watu 150,000. Kwa upande wa Waingereza, wachukuzi waliokufa hukadiriwa kufikia 95,000, wengi wao kwa maradhi, na sehemu kubwa walitolewa katika vijiji vya Kenya, hasa katika uandikishaji wa nguvu wa mwaka 1917. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Mdomo wa Kiswahili ukakifinyanga kikawa Kariakoo huko Dar es Salaam na Kariokor huku Nairobi, na hivyo makundi mawili ya watu waliokufa bila kaburi yakapata masoko mawili kuwa ukumbusho. Mamia ya watu hununua nyanya na vikapu hapo kila siku bila kujua kwamba wanasimama juu ya jina la kikosi.

Mtunya na Kariakoo ni maandishi mafupi kuliko yote yaliyotungwa juu ya vita hivi. Mhakiki wa fasihi simulizi hana sababu ya kuyadharau. Kila moja limetungwa na umma, limechujwa na vinywa vingi, na limedumu bila hifadhi ya nyaraka na bila mchapishaji. Ukiliweka neno Mtunya kando ya kurasa mia tatu za jemadari, hayalingani kwa uzito wa karatasi. Lakini neno hilo linasema jambo ambalo kurasa hizo hazilisemi.

Huenda akatokea mtu akasema kwamba lawama hii si ya haki: askari hawakuandika kwa sababu hawakuwa watu wa kuandika, na jemadari hawezi kulaumiwa kwa ukimya wa wengine. Hoja hii inasikika ya busara mpaka inapopimwa. Kiswahili cha mwaka 1914 hakikuwa lugha isiyo na nathari wala isiyo na wasomaji. Carl Velten alikwisha kuchapisha mwaka 1901 mkusanyo wa masimulizi ya safari yaliyoandikwa na Waswahili wenyewe, na mwaka 1903 kitabu cha desturi za Waswahili, ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari. Gazeti la Kiongozi lilikuwa likichapwa katika shule ya serikali ya Tanga. Maakida waliandikiana na mabwana wao kwa Kiswahili. Na juu ya vita vyenyewe, Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alikwisha kutunga utenzi wa Wadachi kuutwaa Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini akatunga utenzi wa Maji Maji. Tenzi hizo mbili zinahusu jeshi lile lile katika kizazi kilichotangulia, na zinawataja watu wa upande ulioshambuliwa kwa majina yao. Uwezo wa kuandika ulikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuzihifadhi karatasi za askari, na nchi yenye haja ya kuzisoma. Mwaka 1920 Ujerumani ilimhitaji shujaa. Uingereza, iliyoitwaa Tanganyika, haikuwa na haja ya kuwatukuza waliopigana nayo. Na askari mwenyewe alirudi kulima katika nchi iliyokwisha kubadilisha bendera.

Vita vilivyofuata vilikuwa na bahati njema zaidi. Shaaban Robert alivitungia vita vya 1939 hadi 1945 utenzi mrefu, na hapa Kenya koplo aliyetumikia Burma, Waruhiu Itote, alichapisha mwaka 1967 kumbukumbu zake akiwa yeye ndiye jenerali. Kwa vita vya kwanza, aliyejaribu kuijaza nafasi ya askari kwa ukubwa unaostahili ni mzaliwa wa Unguja, Abdulrazak Gurnah, katika riwaya yake Afterlives ya mwaka 2020, mwaka mmoja kabla ya kutunukiwa Nobeli. Ni kazi ya heshima kubwa, na iliandikwa kwa Kiingereza. Yaani karne nzima baada ya Heia Safari!, askari alipata sentensi kamili, lakini hakuzipata kwanza kwa lugha aliyoamrishwa nayo.

Kuhusu askari na karatasi kuna hadithi ambayo Charles Miller aliisimulia katika Battle for the Bundu, kitabu cha mwaka 1974, na ambayo imerudiwa mara nyingi tangu hapo. Jeshi lilipoweka silaha chini hapakuwa na fedha za kuwalipa askari, kwa hiyo walipewa vyeti vya deni. Mwaka 1964, yasimuliwa, Ujerumani ya Magharibi iliamua kuwalipa waliosalia, na mtu wa benki akafika Mwanza. Wazee kwa mamia walijitokeza, lakini wachache tu walikuwa bado na vyeti vyao; wengine walileta vipande vya sare kuukuu. Yule mtu wa benki akampa kila mmoja ufagio, akamwamrisha kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki, na hakuna hata mmoja aliyeshindwa. Hadithi hii hupendwa sana kwa sababu huwagusa wasikilizaji. Iwe ilitokea hivyo au imepambwa, mpango wake unafanana kabisa na ule wa kumbukumbu za jemadari: mzee wa Kiafrika athibitishwe kwa mwili unaotii, si kwa maneno yake. Hakuna anayemwuliza vita vilikuwaje. Anapewa ufagio.

Vitabu vya baadaye vya jemadari havibadilishi mpango huo, bali vinaulainisha. Katika safari ya mwaka 1953 alikutana Dar es Salaam na askari wake wa zamani, nao wakampokea kwa shangwe, na kitabu cha mwaka 1955 kinakaa katika joto la mapokezi hayo. Kile cha mwaka 1957 kinaongeza utoto, familia na siasa, pamoja na jinsi alivyoondolewa jeshini mwaka 1920 baada ya kushiriki katika uasi wa Kapp. Kwa upande wa Afrika hakiongezi mengi, na msomaji mwenye haraka anaweza kukiacha. Picha iliyochongwa mwaka 1920 ilikuwa imekwisha kuganda. Hata Hamburg, katika kambi iliyopewa jina lake wakati wa utawala wa Hitler, askari walichongwa ukutani na Ruckteschell yule yule, wakiandamana nyuma ya ofisa wao.

Kuna kazi moja ambayo idara za lugha zinaweza kuifanya na ambayo idara za historia haziwezi: kuzitafsiri kumbukumbu za mwaka 1920 kwa Kiswahili, pamoja na ufafanuzi, kutoka katika Kijerumani chake na si kupitia Kiingereza. Tafsiri hiyo ingekuwa uhakiki kuliko makala yoyote, maana mtafsiri hulazimika kuamua pale ambapo msomaji huruhusiwa kupita. Neno safari likirudi katika lugha yake, litabaki safari, au litasemwa kwa jina lake, yaani vita? Wale ambao jemadari huwaita kwa jina moja la wabebaji, wataitwa wapagazi, kama waliokwenda bara kwa ujira na walijivunia kazi yao, au watu wa kariakoo, waliofungwa kamba wakaletwa? Na neno gumu kuliko yote ni lile Wajerumani walilolifanya kuwa jina la pili la askari, treu. Kiswahili hakina neno moja linalolibeba lote. Mwaminifu ni mtu anayeweza kuaminiwa, na uaminifu una pande mbili: anayeaminiwa naye ana haki ya kulipwa aliloahidiwa. Mtiifu ni mtu anayefuata amri, na amri haina deni. Mtafsiri akiandika askari waaminifu, atakuwa amewapa haki ya kudai. Akiandika askari watiifu, atakuwa amewanyima. Jemadari hakulazimika kuchagua, kwa kuwa lugha yake ilimruhusu kuwa na maana zote mbili na kulipia moja tu.